Jarida la stempu mikononi mwa muuza stempu

Wakusanya stempu wana ubishi wa siku nyingi kuhusu Gibbons Stamp Monthly, jarida la duka la stempu la Stanley Gibbons la Uingereza: wengine wanasema jarida la duka haliwezi kukwambia ukweli kuhusu bidhaa ya duka, wengine wanalitetea kwamba bila duka jarida halidumu. Mi naona pande zote mbili zina hoja ila uzito haulingani.

Stanley Gibbons alianza biashara Plymouth 1856, mwaka 1890 akaiuza kwa Charles Phillips kwa pauni 25,000, na mwaka huohuo Phillips akaanzisha jarida la kila mwezi, uhariri akampa Meja Edward Evans, mtu aliyezijua stempu kwelikweli. Jina la sasa lilikuja miaka ya 1920 lakini mwenye mali kabaki duka.

Wanaolalamika wanasema duka hili linauza stempu, linapanga bei kwenye katalogi yake, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu kwa namba na bei, halafu jarida lake ndo linatangaza mabadiliko ya katalogi hiyohiyo. Na bei ile ni ya wao kukuuzia wewe, sio ya wewe kuwauzia wao! Hapo watu wameumia sana, mtu karithi albamu ya babu, kakaa usiku kucha anajumlisha bei za katalogi, akienda kuuza anapewa hela ambayo haifanani hata kidogo na hesabu yake.

Sasa angalia upande wa pili. Miaka ya 60 kuelekea 70 vinchi vya masheikh wa Ghuba ya Uarabuni kama Ajman na Fujeira vilitoa stempu nyingi mno, zilizowalenga wakusanyaji na sio barua, na muuzaji mwenye tamaa angezishangilia zote, lakini Gibbons nyingi waliziweka kwenye nyongeza ya mwisho wa katalogi, bila namba, bila bei. Watu watasema Gibbons walikuwa wanalinda thamani ya mali yao ya stoo, na mimi sikatai, ila mkusanyaji mdogo naye alilindwa.

Kinachonifanya niwape walalamikaji nusu ya haki ni Marekani, kule The American Philatelist ni la chama cha wakusanyaji wenyewe na linatoka tangu 1887, kwa hiyo kusema bila duka jarida halidumu sio kweli. Tena lile la mji wa Bath, Uingereza, la 1863, The Stamp-Collector's Magazine, lilikuwa la wafanyabiashara na 1874 likafa.

Mimi namba ya stempu nachukua kwa Gibbons bila wasiwasi, kazi yao hapo ni safi. Bei naangalia stempu kama ile imeuzwa ngapi mnadani.