AP Biology darasa la 10: haraka hii ina faida kwa nani?

Kati ya Januari na Machi, shule nyingi za sekondari Marekani huwapa wanafunzi fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Katika familia zetu zenye asili ya Afrika Mashariki, za Columbus, Houston au Minneapolis, fomu hiyo huzua mjadala uleule: kijana yuko darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya huku, biolojia anapata A, na mwalimu amemwambia anaweza kuingia AP Biology darasa la 10 badala ya kungoja la 11 au la 12. Baba anataka kusaini leo. Mama anauliza kuna haraka gani. Kijana mwenyewe anachungulia rafiki zake wameandika nini.

AP (Advanced Placement) ni mpango wa College Board, shirika lilelile lenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo. Mwanafunzi husoma somo lenye uzito wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu akiwa bado sekondari, kisha mwezi Mei hufanya mtihani unaopewa alama 1 hadi 5. Akipata 3 kwenda juu, vyuo vingi humhesabia krediti, yaani kana kwamba somo hilo ameshalisoma chuoni. Biolojia ya AP ina mada kuu 8, kuanzia kemia ya uhai hadi ikolojia, zikipitia seli, nishati, urithi, kazi za jeni na uteuzi asilia. College Board yenyewe inashauri mwanafunzi awe amemaliza kwanza biolojia na kemia za sekondari. Ni ushauri, si sharti. Mlango unashikwa na shule.

Wanaopinga haraka huanzia hapo kwenye kemia: mtoto wa darasa la 10 hajaisoma, ataelewaje? Hoja hii naiona imepewa uzito kupita kiasi. Kemia inayohitajika humu si nyingi. Anatakiwa ajue kwa nini maji yanashikamana, pH ni nini, vimeng'enya vinapunguzaje nishati ya kuanzisha mmenyuko, na elektroni zinapokezwaje hadi seli ipate ATP, molekuli inayoipa nishati. Mwalimu mzuri huyamaliza hayo ndani ya wiki chache, na mtoto anayesoma kemia mwaka huohuo hatapotea. Tena upande wa pili una hoja nzito kuhusu kumbukumbu. Anayesoma biolojia darasa la 9, kemia la 10, fizikia la 11, akairudia biolojia la 12, anakuta mgawanyiko wa seli umeshamtoka kichwani. Aliyeunganisha moja kwa moja bado anayo.

Kikwazo chenyewe kiko kwingine. Mtihani una saa 3: maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 90, na maswali 6 ya kuandika kwa dakika 90 nyingine, kila sehemu ikibeba nusu ya alama. Tangu mtaala ulipofumuliwa mwaka wa masomo wa 2012–13, kukariri hakumfikishi mtu mbali. Chukua swali la aina hii, ambalo nimelitunga mwenyewe lakini sura yake ndiyo hiyo. Watafiti wamekuza maharage katika maji yenye viwango vitatu vya chumvi, kimojawapo sifuri, wakapima urefu wa mimea baada ya siku 14. Kuna aya mbili za maelezo na jedwali lenye wastani wa kila kundi pamoja na kiasi cha shaka ya vipimo. Mwanafunzi achore grafu, aonyeshe ile shaka kwa vimstari juu na chini ya kila wastani, ataje kundi la kulinganishia ni lipi, aseme kama kundi la pili na la tatu yanatofautiana kweli au ni bahati tu. Kisha atabiri kitakachotokea iwapo protini fulani ya utando wa seli haitafanya kazi, na autetee utabiri wake.

Aliyekariri maana ya osmosisi akaishia hapo ataambulia alama moja au mbili. Vimstari vya makundi mawili vikiingiliana, jibu linalotakiwa ni kwamba data haitoshi kusema makundi hayo yanatofautiana. Mtoto wa miaka 15 aliyezoea kwamba kila swali la sayansi lina jibu moja nyuma ya kitabu hupata taabu kuiandika sentensi hiyo. Anaona kama amekubali kushindwa.

Kwa hiyo ninachokiangalia mimi ni usomaji. Kijana aliyeingia Marekani akiwa na miaka 11 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, anaweza kuwa anaongea Kiingereza cha wenzake bila kukwama, na hesabu akawazidi, huku aya nzito ya kisayansi ikimchukua dakika sita badala ya mbili. Akili anayo. Ila saa ya mtihani haimsubiri, na mwaka mmoja wa ziada wa kusoma humsaidia kuliko kozi yoyote ya kiangazi ya kujiandaa. Vivyo hivyo kwa aliyezaliwa hukuhuku lakini hasomi chochote kirefu kuliko ujumbe wa simu. Hao nao wapo, na si wachache.

Wazazi tuliosoma Afrika Mashariki tunaliingia jambo hili na mizani ya kwetu, ambako mtihani wa mwisho ndio ulioamua kila kitu. Form Six ukifaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) umefaulu, hata kama mwaka mzima ulikuwa unasinzia. Hapa kuna alama mbili tofauti. Ipo alama ya darasani, inayotokana na majaribio, kazi za nyumbani na maabara, na hiyo ndiyo inayokaa kwenye rekodi ya shule na kuingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote. Halafu ipo alama ya Mei, ambayo kazi yake kubwa ni krediti, na ambayo vyuo vingi humwachia mwombaji mwenyewe aamue kuitaja au la. Mtoto anaweza kupata 3 mwezi Mei, mzazi akashangilia, kumbe C ya darasani imeshakaa kwenye rekodi na haifutiki.

Utasikia watu wakijibu kwamba B ya AP ni sawa na A ya kawaida. Katika shule nyingi ni kweli, kwa sababu somo la AP huongezewa pointi kwenye GPA. Lakini vyuo vingine hupiga hesabu upya kwa kanuni zao. University of California, kwa mfano, huhesabu GPA kwa masomo yaliyosomwa kuanzia kiangazi cha baada ya darasa la 9 hadi kiangazi cha baada ya la 11. Mtoto wa California aliyejitutumua akaisoma AP Biology akiwa darasa la 9 hapati nyongeza yoyote kwenye hesabu hiyo.

Hoja ya pesa inahitaji utulivu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande wa wanaounga mkono, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Vyuo vya umma vya Ohio vinatakiwa kutoa krediti kwa anayepata 3 au zaidi, na vya mfumo wa Minnesota State vivyo hivyo. Ada ya mtihani ni karibu dola 100, na wenye kipato kidogo hupunguziwa. Ukilinganisha na gharama ya somo moja la chuo, biashara hiyo haina mfano. Shida ni kuwa alama 3 mara nyingi hufungua krediti ya biolojia ya jumla, ile ya kutimiza sharti la sayansi, huku idara ya biolojia yenyewe ikitaka 4 au 5 kabla ya kumruhusu mtu aruke somo lake la mwanzo. Na wazazi wetu wengi wanaosukuma haraka hii wanawaza udaktari.

Tanzania, kijana hutoka Form Six akaenda moja kwa moja kusomea udaktari kwa miaka 5. Marekani, shule ya udaktari huja baada ya shahada ya kwanza, na nyingi ya shule hizo ama haziikubali krediti ya AP kwenye biolojia, ama humtaka mwombaji asome chuoni somo la biolojia la juu zaidi badala yake. Kwenye uuguzi, njia inayopitwa na vijana wetu wengi, kinachotakiwa hasa ni anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia. Kwa hiyo anayevuna pesa zaidi kwenye AP Biology ni yule asiyetaka biolojia kabisa: binti anayekwenda kusomea uhasibu, akamaliza sharti lake la sayansi akiwa na miaka 16 na hatalifikiria tena. Huyo mimi ningemsukuma. Daktari mtarajiwa anachopata ni msingi, na msingi haupungui akiujenga darasa la 11.

Lipo pia suala la ratiba, ambalo halina itikadi. Shule ndogo nyingine hufundisha AP Biology mwaka mmoja na AP Chemistry mwaka unaofuata kwa sababu mwalimu ni mmoja. Hapo usipoingia darasa la 10, nafasi inayofuata ni la 12. Na darasa la 11 kwa kawaida ndilo lenye msongamano: SAT, masomo mengine ya AP, michezo, kazi za jioni. Kulipunguzia mzigo ni sababu ya haki kabisa.

Kwenye maabara, ambako College Board inataka robo ya muda wa somo, nimewasikia vijana wakilalamikia jambo ambalo wazazi hatulifikirii. Katika jaribio la usanisinuru mnatoboa vijiduara vya majani ya spinachi, mnavizamisha kwa bomba la sindano, kisha mnahesabu vinavyoelea juu kila dakika vinapotengeneza oksijeni chini ya taa. Mtoto wa darasa la 10 akiwekwa kundi moja na wa la 12, mara nyingi kazi yake huwa kushika saa. Wakubwa ndio wanaoamua kipimwe nini na kwa nini, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Msimamo wangu, basi. Darasa la 9 hapana, isipokuwa mtoto ameshaimaliza biolojia ya sekondari akiwa middle school, shule ya kabla ya sekondari, na mwalimu wake anathibitisha. Darasa la 10 ndiyo, kama kemia anaisoma mwaka huohuo na usomaji wake umesimama. Kupima hilo hakuhitaji mtaalamu. College Board huweka bure kwenye tovuti yake maswali ya kuandika ya miaka iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Chapisha swali moja refu la uchunguzi, mpe muda wa kutosha bila simu, kisha msahihishe pamoja. Majina ya protini asiyoyajua yasikutishe, maana hayo atafundishwa. Tazama kama alielewa jaribio lilikuwa la nini, na kama alipoambiwa "tetea" aliandika sababu au alirudia jibu kwa maneno mengine.

Baada ya kusaini bado kuna nafasi ya kurudi nyuma. Shule nyingi huruhusu mwanafunzi kuhama somo katika wiki za kwanza bila kuacha alama kwenye rekodi, na usajili wa mtihani wa Mei hufungwa katikati ya Novemba, wakati majaribio ya kwanza yameshatoka. Tarehe ya mwisho ya kuhama hutofautiana kati ya shule na shule, na mara nyingi huwa mapema sana, Septemba hata Agosti. Mshauri wa masomo wa shule anayo. Iulizwe siku ileile fomu inaporudishwa.