Betri Kubwa Imesingiziwa

Kila anayejua naendesha haibridi, gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa, huniuliza swali lile lile, tena kwa sauti ya mtu aliyekuja matangani: "Sasa ile betri ikifa?" Hawaulizi linakula mafuta kiasi gani. Huu ni mwaka wa tano niko nalo, mimi nikiwa mmiliki wa pili, na betri ingali hai. Jasho nimetolewa na vitu vingine, tena vidogo vidogo.

Gari nililokuwa nalo kabla ya hili lilikuwa la petroli tupu. Lilikula lita 8 kwa kilomita 100, na kiyoyozi kikiwaka, 9. Hili linakula 5. Kinachowashangaza watu ni kwamba foleni, ile inayomaliza mafuta kwenye magari mengine, hili hailisumbui sana. Likisimama, injini inazima. Likisogea hatua kumi, linasogezwa na mota. Ukikanyaga breki, mota ile ile inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingepotea kama joto la breki. Sasa lipeleke barabara kuu, ukimbie kilomita 120 kwa saa bila kugusa breki: hakuna cha kurudisha, injini inabeba mzigo karibu wote, na ile tofauti ya kujivunia inapungua sana.

Kwa hiyo kabla hujanunua, hesabu kilomita zako na uangalie unazitembelea wapi. Mtu wa kilomita 15,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za mjini, akiokoa lita 3 kwa kila 100 anabakiwa na lita 450. Zidisha kwa bei ya lita, kisha linganisha na nyongeza ya bei unayotozwa kwa sababu gari ni haibridi. Mtu wa kilomita 5,000 anaokoa lita 150 tu. Huyo namwambia wazi kwamba atazeeka akisubiri kurudisha nyongeza yake.

Kuna nafuu ambayo huioni kwenye pampu ya mafuta. Gari langu halina starta, halina alteneta, halina fenibelti, halina klachi. Kisichokuwepo hakiharibiki. Pedi za breki zinadumu hadi unasahau kwamba zipo, na hapo ndipo pana mtego: kwa kuwa breki zenyewe hazifanyi kazi sana, diski zinashika kutu na pini za kalipa, ile inayobana pedi, zinaganda. Usingoje pedi ziishe ndipo ufungue magurudumu. Fungua, safisha, paka grisi.

Sasa hicho kisa cha jasho. Asubuhi moja nilibonyeza kitufe, dashibodi ikawaka taa zote kama mti wa Krismasi, zikapepesa, zikazima. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Akatikisa kichwa, akasema betri kubwa imekufa, akanitajia bei. Nilikaa chini kwanza. Wa pili alikwenda moja kwa moja kwenye buti, akainua zulia la pembeni, akaweka mita kwenye kibetri ambacho sikujua hata kama kipo. Volti 10 na ushee. Ilikuwa ile betri ndogo ya volti 12 tu, basi.

Betri hiyo haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga rilei, yaani swichi zinazoruhusu umeme mkubwa upite. Isipokuwepo, volti 200 zilizo nyuma ya kiti hazikusaidii kitu. Na kwa sababu haipigi starta, haikupi ile dalili ya asubuhi ya kukoroma kivivu kabla ya kufa. Jana inawaka, leo haiwaki. Siku hizi naipima kila ninapobadilisha oili, na gari nikiliacha wiki kadhaa, namwachia mtu ufunguo aliwashe.

Nayo betri kubwa adui yake ni joto. Prius, haibridi ya Toyota, ya kizazi cha 2 na cha 3 ina moduli (vipande vya betri) 28 za nikeli, kila moja na seli 6, jumla volti 201.6, na zinapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Watu wanatupia koti juu ya tundu hilo. Wanabeba mbwa, wanabeba magunia ya unga, kisha wanalaumu betri. Mimi nikiosha gari nalifyonza vumbi tundu hilo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Moduli moja ikichoka, wapo watakaokuambia uibadilishe hiyo peke yake. Utapata miezi kadhaa, kisha jirani yake naye ataanguka, kwa kuwa wamezeeka pamoja. Bora seti nzima.

Halafu acheni kuweka N (gia huru) kwenye taa, nyie mliozoea gari za gia. Ikiwa N betri haichajiwi hata injini ikinguruma. Iache D, ushike breki.

Haibridi za kuchomeka kwenye umeme ni habari nyingine. Asiye na mahali pa kuchomeka nyumbani anabeba betri nzito bure. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu za magari hayo yakiwa barabarani: hewa ya kaboni dioksidi yaliyotoa ilikuwa wastani wa mara 3.5 ya ile ya maabara, sababu kubwa ikiwa kwamba watu hawayachaji ipasavyo.

Mwaka jana shemeji alinifuata anataka haibridi kama langu. Nikamuuliza njia yake: kilomita 90 kwenda, 90 kurudi, barabara kuu tupu. Nikamuuliza fundi wake ana kompyuta ya kusoma volti za kila kundi la moduli gari likiwa linatembea. Akanitazama kana kwamba nazungumza Kilatini. Nikamwambia anunue dizeli. Alininunia wiki mbili, akidhani namwonea wivu.