"Mmejifunza Nini?" Swali Linaloua Kichekesho

Kuna swali moja ningelipiga marufuku katika maigizo yote ya mtaani, kuanzia Bagamoyo mjini hadi Mlingotini. Wasanii wamemaliza kucheza, watu bado wanacheka, watoto wanaigiza mlevi alivyopepesuka, ndipo anaingia kijana mwenye kipaza sauti na fulana ya mradi: "Haya jamani, mmejifunza nini?" Kicheko kinakatika hapohapo. Mama mmoja jasiri anajibu kile anachojua kinatakiwa, kwamba tumejifunza kunawa mikono. Anapigiwa makofi, anapewa kofia, watu wanatawanyika. Kwenye ripoti panaandikwa kuwa hadhira imeshirikishwa. Mimi naona imefanyiwa mtihani.

Bagamoyo hatuna sababu ya kubabaisha mambo ya jukwaa. Chuo cha sanaa kipo hapa tangu 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake linajulikana Afrika Mashariki nzima, na jioni ufukweni hukosi kijana anayejibinua hewani akatua mchangani kama hakufanya kitu. Miili iliyofundwa ipo. Kinachonikera ni kazi inayopewa. Mchekeshaji anatangulizwa ili akusanye watu: aanguke mara mbili tatu, ahangaike na suruali iliyopwaya, kisha aambiwe apishe "igizo lenyewe". Ujumbe wanaachiwa wenye sauti nzito, waliosimama wima.

Wanaoyasomea mambo haya watanitajia Augusto Boal, na wana haki. Mbrazili yule, mtu wa maigizo, alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akaenda uhamishoni, na mwaka 1973 huko Peru akaanzisha igizo ambalo mtazamaji anaruhusiwa kusema "simama!", akapanda jukwaani na kuchukua nafasi ya mhusika aliyekwama. Vikundi vingi vya igizo shirikishi hapa nchini vinatumia walau kipande cha mbinu hiyo. Ila husahaulika ilivyoanza. Boal mwenyewe alisimulia kwamba mwanamke mmoja katika hadhira alishauri mke aliyedanganywa "aongee vizuri" na mumewe. Waigizaji wakajaribu hivi, wakajaribu vile, mama haridhiki. Mwisho akaitwa aonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, akamtandika yule mwigizaji wa watu huku akimpa maneno yake yote. Basi mbinu nzima imezaliwa kwenye kipigo cha ufagio, nasi tumeigeuza semina.

Mwingine wa kutajwa ni Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956. Siku moja aliwapa wanafunzi kazi iliyoonekana nyepesi: ingia katikati ya duara utuchekeshe. Wakaruka, wakajibinua, wakatoa mizaha. Kimya. Walipokata tamaa na kurudi kuketi, nyuso zimewashuka, ndipo wenzao wakaangua kicheko. Kuanzia hapo Lecoq akamfundisha mchekeshaji kama mtu anayeshindwa hadharani bila kujificha, na ile pua nyekundu ya bandia anayovaa mchekeshaji akaiita kinyago kidogo kuliko vyote duniani.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo mbele ya hadhira yetu. Anayejua kila kitu huna la kumwambia. Lakini anayevuta mlango wa kusukuma, akageuka akakutazama, akauvuta tena kwa nguvu zaidi, huyo utamwachaje? Utamwambia tu, hata kama ulikuwa unapita zako kwenda dukani.

Na kwetu pwani jambo hili lina uzito wake. Kumwita mtu mzima apande jukwaani aigize mbele ya mkwewe, majirani na mwalimu wa madrasa wa mwanawe ni kumtia majaribuni. Hapandi. Ndiyo maana kwenye maigizo ya "simama" wanaopanda ni walewale: vijana wa kiume, na yule mzee mmoja asiyekosa mkutano wowote wa mtaa. Mama aliyejitanda kanga kule nyuma, ambaye pengine ana la kusema kuliko wote, anaondoka nalo. Lakini mwache mchekeshaji ajaribu kukuna nazi huku ameikalia mbuzi kinyumenyume. "We mtoto, geuka! Utajikata!" Tayari mama yumo ndani ya mchezo, hakunyanyuka, heshima yake ipo palepale. Kisha atamweleza ashike vipi kifuu, na mwenzake wa pembeni atabisha kwamba kwao hawashiki hivyo.

Niliwahi kuwaona wasanii wachanga wakilijaribu jambo hili kwenye soko la samaki, asubuhi ya mnada. Hapakuwa na tangazo wala kipaza sauti. Kijana aliyevaa koti kubwa na tai aliingia na ndoo yenye kibua kimoja, akiibeba kana kwamba ina jahazi zima ndani. Hasemi neno. Mnadi, mtu mwenye akili nyepesi, akakidaka kibua kile na kukinadi kwa mbwembwe zote. Akatokea msanii wa pili, dalali, anayeshusha bei kwa vidole, na kila kidole kikishuka anamvua mwenzake kitu: koti, tai, kiatu kimoja. Mwenye samaki anamshukuru kila mara kwa kumpa mkono. Watu walicheka mpaka ilipofika zamu ya ndoo. Hapo mvuvi mmoja, mvuvi wa kweli, akaingia kati na kusimama mbele ya dalali, mikono kifuani. Ukazuka mjadala wa bei za asubuhi ile, nani anazipanga na nani anakopwa samaki, ambao mwezeshaji yeyote angeutafuta wiki nzima asiupate.

Lilikuwa jaribio, na lilikuwa na makosa ya jaribio. Dalali aliangua kicheko katikati, na mchekeshaji akijicheka mwenyewe kazi imeisha. Halafu hawakuwa wamepanga watatokaje; mvuvi yule alikuwa amekasirika kikwelikweli, na ilibidi wauza samaki wawili wamtulize. Anayekwenda kuchezea mahali pa riziki za watu ajue kwanza njia ya kutokea. Hilo hulifundishwi na pua nyekundu.

Linafundishwa na mtani. Hapa ndipo nashangaa tunavyozungumzia kicheko shirikishi kama kitu cha kuletewa kwa ndege. Msibani, mtani anaruhusiwa kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake na hata kikohozi chake, kulala njiani jeneza lisipite, au kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anatoa hela, anacheka, analia tena. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo huhusishwa sana na safari zile za wapagazi. Hebu tazama ufundi uliomo: mwili, vazi la kuazima, hadhira isiyoweza kukaa pembeni, hatari ya kweli ya kumuumiza mtu, na kanuni inayojulikana na wote ya wapi mchezo unaishia. Ile kanuni ndiyo waliyoikosa vijana wa sokoni.

Haya si mawazo yangu pekee. Miaka ya 1980 kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Malya kule Mwanza na Msoga hapa wilayani kwetu, wakaanza na matatizo na ngoma za wenyeji wenyewe badala ya kuja na igizo mfukoni. Kazi hiyo ilitaka muda. Miradi ya siku mbili imebakiza jina lake tu.

Najua nitajibiwa kwamba kicheko cha mwili ni cha kitoto, au ni cha matusi. Wakati mwingine ni kweli. Wapo wanaodhani kuigiza kigugumizi au kuchechemea ni kuchekesha, nami huwa naondoka. Huko ni kumcheka asiyekuwepo kujitetea. Marehemu King Majuto, mtoto wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, aliweza kutuchekesha kwa kumkodolea mtu macho tu, na mjinga wa hadithi alikuwa yeye mwenyewe. Siku hizi komedi zetu nyingi ni kelele za mdomo. Zima sauti ya televisheni uone kama kimebaki kitu.

Wafadhili wa maigizo haya na walimu wa sanaa ningewaomba jambo moja. Kabla ya kumwagiza mtaalamu wa pua nyekundu kutoka Ulaya, watafuteni watani wazee wa Bagamoyo, wawe walimu darasani kwa muhula mzima. Na walipwe vizuri. Mtani anayeijua kazi yake hanyanyuki njiani bila kitu, na mhasibu wa mradi ajiandae kabisa kwamba risiti hapewi.