Siku MGB Yangu Ilipofukiza Ubani

Mama Salma alinionya mapema. "Baba Salma, gari linatembea. Unalichokonoa la nini?" Lakini mwanamume akishanunua boksi zima la vifaa, masikio huziba yenyewe.

Gari ni MGB ya 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, iliyounganishwa Abingdon, si mbali na hapa Reading, Uingereza, tunapoishi. Injini cc 1798, kabureta mbili za SU za kuchanganya petroli na hewa. Kabureta hizo ni wake wenza: ukimridhisha huyu, yule ananuna. Asubuhi za baridi unavuta choki, gari linakohoa, petroli inanuka hadi sebuleni. Nikasema basi, nang'oa kabureta, naweka injeksheni, nozeli za kunyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta. Kitu pekee alichokipenda mama Salma ndani ya gari hilo ni redio ya zamani, ile ya vitufe vya kubonyeza. "Fanya utakalo," akaniambia, "redio yangu usiiguse." Sikuigusa. Likumbukeni hilo.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Hapo tu ningeshtuka. Kwenye puli ya mbele nikafunga gurudumu la meno 36, moja limeng'olewa, maana sensa hulisoma lile pengo ndipo ijue pistoni zimefika wapi. Nikatoboa ekzosi, nikachomea kiti cha sensa ya oksijeni. Nikavuta bomba la kurudisha mafuta tankini. Pampu ya zamani ya petroli ilikuwa ikisukuma kwa presha ya psi 3 hivi, na nozeli zinataka 43, kwa hiyo nikafunga pampu mpya. Waya mwekundu kwenye moto, mweusi kwenye bodi. Nani asiyejua kwamba mweusi unakwenda kwenye bodi?

Nikaijaribu pampu peke yake. Ikaimba vizuri. Geji ya presha: sifuri. Nikabadilisha filta. Sifuri. Nikalala chali kwenye saruji ya Februari, nikaigonga kwa mpini wa nyundo, dawa iliyokuwa ikiiamsha ile ya zamani. Sifuri. Wiki nzima. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema labda inasubiri amri ya kontrol boksi, ile kompyuta ya injeksheni.

Jumamosi nikachomeka kontrol boksi, laptopu mapajani, nikafungua swichi. Laptopu haikupata kitu. Pua ndiyo iliyopata. Moshi mwembamba mweupe ukapanda kutoka chini ya dashibodi, taratibu, kwa adabu, kama chetezo siku ya maulidi. Nikabaki nimekaa nautazama.

Mama Salma akachungulia dirishani. "Unafukiza ubani?"

Nikampigia ba'mkubwa kwa video, kule Tanga. Mzee huyu alitengeneza Land Rover za mashamba ya mkonge hadi akazeeka nazo.

"Shikamoo, ba'mkubwa."

"Marahaba. Gari la mwaka gani hilo?"

"1965."

"Betri iko wapi?"

Ziko mbili, za volti 6 kila moja, nyuma ya viti, chini ya zulia. Nikafunua kifuniko, nikaingiza simu shimoni. "Waya unaokwenda kwenye bodi," sauti ikatoka humo, "umeanzia kwenye alama gani?"

Waya zote zilikuwa nyeusi. Nikafuta uchafu kwa kidole gumba. Alama ya kujumlisha.

Simu ikaanza kutikisika. Nilidhani mtandao, kumbe mzee anacheka. Land Rover zake nyingi za zamani zilikuwa hivyo hivyo, akasema: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Na MGB hazikugeuzwa hadi mwishoni mwa 1967. Taa haijali umeme unaingilia mlango gani. Honi haijali. Stata haijali. Pampu yangu haikulalamika, ila wiki nzima ilikuwa ikizunguka kinyumenyume. Kontrol boksi ndiyo inayojali, na yangu ilijali kwa sekunde mbili hivi.

"Geuza waya za betri," akasema mzee akifuta machozi. "Waya za koili zibadilishane. Dainamo, ile inayochaji betri, uiguse na moto wa betri kwenye ile ncha ndogo, mguso tu, ikubali upande mpya. Halafu, kabla hujawasha, pitia kila kilichomo ndani ya gari. Kila kitu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, ba'mkubwa."

Kontrol boksi ya pili ililipiwa na fedha za likizo, na mazungumzo yaliyotangulia malipo hayo sitayasimulia hapa. Nikageuza betri, nikageuza koili, nikaigusa dainamo. Geji ikaruka hadi 43. Kuzungusha ufunguo tu, injini ikawaka bila choki, ikatulia ikinguruma kama cherehani ya fundi mzuri. Nikapiga honi mara tatu mtaa mzima usikie.

Mama Salma akatoka na kanga begani, akazunguka gari, akakaa kando yangu. Akasikiliza kidogo. Akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu habari ya likizo.

"Haya, hongera baba Salma," akasema, akanyoosha mkono, akawasha redio yake.

Ubani wa safari hii ulikuwa mzito zaidi.