Namba ya Hitilafu Isomwe Kabla ya Kupiga Windows Upya

Draiva ya kifaa, yaani programu inayoiwezesha Windows kukiendesha kifaa hicho, inapokataa kupakiwa, ushauri wa kwanza wa mafundi wengi wa mitaani ni kupiga Windows upya. Naupinga ushauri huo, kwa sababu humpotezea mteja programu, fedha na mara nyingine mafaili yake, ilhali kompyuta yenyewe imekwisha kueleza kwa namba kwa nini imekataa.

Namba hiyo imo katika Device Manager, sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa vya kompyuta. Ukibofya mara mbili jina la kifaa chenye alama ya njano ya mshangao, utaikuta kwenye maelezo ya hali ya kifaa. Namba 28 maana yake hakuna draiva iliyosakinishwa. Namba 39 huonyesha kuwa Windows imeshindwa kuipakia, huenda kwa kuwa faili lake limeharibika au halipo. Namba 52 husema kuwa saini ya kidijitali ya draiva, yaani muhuri wa kielektroniki unaothibitisha imetoka kwa nani na haijachezewa, haikuthibitishika. Fundi atakayekutana na namba 52, akapiga Windows upya, kisha akarudisha draiva ileile, ataikuta namba ileile ikimsubiri. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ambako programu mbovu inaweza kuangusha kompyuta nzima au kuipeleleza, na ndiyo maana tangu toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, draiva mpya za kiini zinatakiwa kupata saini ya Microsoft pale Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizothibitishwa wakati kompyuta inawaka, inapokuwa imewashwa. Dawa ni kutafuta draiva iliyosainiwa. Kuzima ukaguzi wa saini na kuuacha umezimwa ni kumwachia mteja mlango wazi bila yeye kujua, na sioni fundi mwaminifu anawezaje kulifanya hilo.

Namba 10, inayosema kifaa hakiwezi kuanza, ni ngumu zaidi kuitafsiri. Hutokea sana kwa kebo za USB zenye chipu ya PL2303, zinazotumika kusanidi ruta na redio za mawasiliano, kwani draiva mpya za chipu hiyo hukataa kwa makusudi matoleo ya zamani na ya bandia. Kampuni ya FTDI ya Uskoti, ambayo nayo hutengeneza chipu za kebo kama hizo, ilivuka mpaka zaidi mwaka 2014: draiva yake, iliyosambazwa kupitia Windows Update, ilibadilisha namba ya utambulisho ya chipu bandia zilizoiga za kwake ikawa sifuri, na kompyuta haikuweza tena kukitambua kifaa. Haki ya kampuni kulinda kazi yake naitambua, lakini kumharibia kifaa mnunuzi aliyekinunua dukani kwa nia njema ni dhuluma, hasa katika masoko kama yetu ambako bidhaa bandia na halisi hukaa rafu moja.

Kwa namba 28, usikimbilie tovuti zinazogawa mafurushi ya draiva. Katika sifa za kifaa, kichupo cha Details, ipo Hardware Ids, na humo herufi VID na PID, au VEN na DEV, hutangulia namba za mtengenezaji na za kifaa chenyewe. Hizo zinatosha kukufikisha kwenye draiva sahihi ya mtengenezaji.

Ningependa kila fundi aandike namba ya hitilafu kwenye risiti kabla hajagusa chochote, na mteja asikubali kulipia kupigiwa Windows upya pasipo kuoneshwa namba hiyo.