Biriani ya Bure

Programu ninayotumia kutengenezea tovuti inajua mengi. Picha inazungusha, maandishi inayachezesha, rangi hata usiseme. Ila ukiiletea jedwali, kila mtu na Mungu wake.

Kuna mama mmoja mwenye mgahawa Ngamiani, Tanga, nilimtengenezea ukurasa wa vyakula vya wiki. Jedwali la kawaida tu: Siku, Chakula, Bei, Soda. Ijumaa ndiyo siku yake kubwa, kwa hiyo ilikuwa na mistari mitatu: pilau ya ng'ombe, biriani ya kuku, wali wa nazi kwa samaki. "Ijumaa" sikuiandika mara tatu. Niliunganisha visanduku vitatu vya kushoto vikawa kimoja kirefu. Wanaoijua HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, wameshaiona rowspan="3", ile amri ya kurefusha kisanduku kishike mistari mitatu, na wameanza kucheka. Wasubiri kidogo.

Ijumaa asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyama haijafika, hebu nitolee pilau."

Nikaweka kishale kwenye mstari wa pilau, nikabonyeza "futa mstari", pilau ikaondoka. Kwenye skrini ya kuhariria jedwali limetulia, Ijumaa ipo na vyakula vyake viwili. Nikachapisha, nikaenda kuoga.

Kumbe Ijumaa, kwa HTML ilivyo, inaandikwa kwenye mstari wake wa kwanza tu. Mistari ya chini inaiachia nafasi. Programu yenye akili ingeishusha mstari unaofuata na kuipunguza urefu. Yangu iliizika pamoja na pilau, halafu ikanionyesha picha ya marehemu kana kwamba yu hai. Huko kwa wateja kila kitu kilisogea kushoto hatua moja. Biriani ikawa siku ya wiki. 8,000 ikawa chakula. Na chini ya Bei likakaa neno kutoka safu ya Soda, maana anayekula biriani Ijumaa hupewa soda bure.

Bei: Bure.

Watu walipotoka msikitini, simu ikaita tena. Safari hii hakungoja shikamoo.

"Njoo uwaambie mwenyewe hawa wenye kanzu!"

Nilikuta foleni imefika barabarani. Mzee mmoja akaninyooshea simu yake. "Kijana, soma."

"Mzee wangu, bei ni hii elfu nane, imesogea tu."

"Hiyo iko kwenye Chakula," akasema, kidole kikifuata safu kutoka juu hadi chini kama mkaguzi wa mahesabu. "Elfu nane ni idadi ya sahani. Bei ni bure. Sahani zimeisha?"

Nyuma yake bwana mmoja alitaka wali samaki kwa shilingi 1,000, bei ya soda, na alijiona mstaarabu kuliko wote kwa sababu yeye analipa.

Mama akaamua kila aliye foleni apate soda bure, hata wa wali. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, kwenye kisimu changu, natafuta alama ya < kwenye kibodi, nikiandika kwa mkono <td rowspan="2">Ijumaa</td> huku mvuke wa biriani ukiziba kioo.

Jioni niliwaandikia watengenezaji wa programu. Mstari ukifutwa, kisanduku kilichounganishwa kishuke chini. Skrini ya kuhariria ionyeshe kile atakachoona mteja. Nikibandika bei kutoka Excel, kila moja iingie kisanduku chake, zisirundikane zote kwenye kimoja. Na nikitendua, itendue hatua moja, isinirudishe jana. Sikuomba miujiza: majedwali yamo kwenye HTML rasmi tangu toleo la 3.2 la Januari 1997, rowspan ikiwemo.

Wakajibu kwa heshima kwamba maoni yangu ni ya thamani. Toleo jipya likaja na tangazo: "Tumeboresha majedwali!" Nikalifungua mbio. Mipaka sasa ina kivuli.

Mama alikipenda kile kivuli. Kisha akasema nyama imeanza kupatikana, nimrudishie pilau ya Ijumaa, iwe ya kwanza kama zamani. Nikajaribu kwenye nakala: nikaongeza mstari juu ya biriani, programu ikaiweka pilau kwenye siku ya Alhamisi.

"Mama," nikamwambia, "Jumamosi pana nafasi nzuri, mstari mmoja tu, haujaunganishwa na kitu."

Akanitazama. Akaitazama foleni. Pilau sasa ni Jumamosi.