Injini ikinoki, ifungue kwanza ujue imekufa na nini

Wacha niseme tu hata kama mafundi wengine hapa Malindi watanuna. Hii tabia ya injini kunoki leo, yani kugonga ndani mpaka ikafa, kesho mtu ashatuma pesa aletewe nyengine ya eks-Japan, na ile iliyokufa hata sampu, lile bakuli la oili chini yake, haijafunguliwa, ni kuchoma pesa. Nimezichoma mwenyewe ndio naongea.

Gari ni Subaru Impreza STI ya Japan, injini EJ207, lita mbili na tabo ya kuisukumia hewa, inazunguka mpaka mara 8,000 kwa dakika ndio inakatwa. (Na kabla hamjauliza, haingurumi ile ngurumo ya Subaru mliyoizoea kwa sababu mabomba yake ya ekzosti yana urefu sawa pande zote, haijaharibika jamani.) Sisi tuliokua tukisikia Patrick Njiru anapeleka Subaru Safari Rally miaka ya 1990, hii gari si usafiri tu, ni ugonjwa.

Mara ya kwanza nilikuwa natoka Mombasa, nimeshapita Gede, nikaingia kona moja kwa mbio ambazo siwezi kuziandika hapa mamangu asije akasoma, taa ya oili ikakonyeza mara moja ikazima. Nikajifanya sijaiona. Dakika chache baadae tok tok tok, mtu yuko chini na nyundo. Na bado nikaendesha mpaka nyumbani, eti ni hapo tu.

Bas nikafanya wanavofanya wote. Nikanunua injini, fundi akatoa ile akaweka hii kwa siku mbili, ile mbovu nikaiuza skrepu kwa kilo. Nikatamba nayo mjini siku kumi na moja. Ya kumi na moja niko daraja la Sabaki naelekea Mambrui, tok tok tok.

Ndio nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi ambaye hana hata kibao nje. Akasikiliza, akazima, akasema, "Mwanangu, nioneshe kwanza ile iliyokufa mwanzo."

"Nishaiuza skrepu, fundi."

Akanitizama kama nimemwambia nimezika mtu bila kumuuliza jina.

Oili ilivotoka kwenye sampu ilikuwa inametameta kama pambo la bibi harusi. Ile ni beringi, vyuma laini inamozungukia kranki (mhimili wa injini), imesagika. Mzee hakushangaa, akaenda mbele ya gari akashika ile oili kula, kile kipoza oili, niliyoifunga mwenyewe mbele ya radieta kwa sababu ya joto letu hili, akaniuliza hii ilikuwa kwenye gari tangu injini ya kwanza? Nikasema ndio. Akaitoa, akamimina mafuta safi ndani, akaitikisa, akamwaga kwenye beseni jeupe. Pambo lile lile. Yani injini ya kwanza ilivokufa ilitema vyuma vyake mle ndani kwenye vijia vyembamba, mimi nikaleta injini nzima nikaifungia sumu ya marehemu. Na tabo pia nilirudisha ile ile, nayo inakunywa oili hiyo hiyo kwa kabomba kembamba. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyenambia, na mimi sikuuliza, kila mtu alikuwa na haraka gari itoke.

Kufungua Subaru si kama kufungua Toyota ya silinda nne zilizosimama. Pistoni zimelala, mbili kulia mbili kushoto, na bloku ni nusu mbili zimekumbatia kranki. Huwezi kuipasua tu, lazima kwanza uzibue vizibo vya pembeni, uingize koleo kwenye tundu utoe klipu, alafu uvute pini ya pistoni kutoka nje huku unazungusha kranki ije mahali pake. Nimeona bloku ambayo mtu hakujua hilo akatumia nyundo. Sisemi ni wapi.

Kila kilichotoka mzee alikipanga kwenye kitambaa kwa mpango wake, beringi nambari moja mpaka nne, juu na chini, hakuna kuosha mpaka vitizamwe. Nambari nne ilikuwa imeungua nyeusi na kujikunja, zile nyengine zina mikwaruzo kama zimepigwa msasa, vumbi la chuma limezama kwenye ule ulaini wake. Ingekuwa ni oili kukimbilia upande kwenye kona pampu ikaikosa, ungeona tofauti. Mimi ningezitupa zote kwenye ndoo. Yeye alikaa nazo saa nzima na miwani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yenyewe ni hii, kufunga ni mwisho tu.

Kranki kwenye nambari nne ilikuwa na kovu unalolisikia kwa kucha. Jamaa wakanambia peleka Mombasa ikasagwe uweke beringi nene zaidi. Mzee akakataa, kwa sababu kranki hizi ugumu wake uko kwenye ngozi ya juu, ukisaga umeutoa. Tukatafuta kranki nyengine iliyo standadi, ikaja kwa matatu kutoka Mombasa imepakwa grisi na kufungwa kwa leso ya mamangu. Leso haikurudi hali yake mpaka leo.

Alafu kupima. Nafasi kati ya beringi na kranki ni kama 0.05 ya milimita, hata unywele mara nyingi ni mnene kuliko hapo, na oili inapita hapo hapo kubeba mzigo wote. Sasa kwenye nafasi kama hiyo punje moja ya mchanga wa Malindi ni jiwe. Ilikuwa msimu wa kusi, upepo unaleta vumbi kila pembe, tukaihamishia chumbani kwangu, mlango umefungwa, feni hairuhusiwi. Na kitu cha chuma ukikiacha bila oili usiku mmoja hapa pwani asubuhi kina kutu, hewa yetu hii ya chumvi haina huruma.

Jambo jengine linaloniudhi ni silikoni. Nusu mbili za bloku hazina gasketi, zinazibwa kwa silikoni, na mafundi wetu huipaka kama siagi kwenye mkate. Inayozidi inafinywa kuingia ndani, inakatika, inakwenda kuziba njia ya oili. Mzee alipaka uzi mwembamba, akafuta kidole, bas.

Oili kula mpya, mipira yake mipya, tabo ikafunguliwa yote. Kabla ya kuwasha tuliizungusha kwa stata bila plagi na bila petroli mpaka taa ya oili ikazima yenyewe. Ilipowaka sikufurahi, nilikuwa nasikiliza tok.

Nimeenda Mambrui na kurudi polepole, nikamwaga oili, nikakata filta kwa msumeno nikaikunjua juu ya gazeti kwenye jua. Vipunje viwili vitatu vya mwanzo, vile vya kawaida. Nyengine naikata Jumamosi, na mzee ashanambia nisiikate bila yeye kuwepo.